Nyumba Zilizofeli

Mji ule haukuwa na jina. Si kwamba ulikosa wa kuupa. Jina lilikuwapo, lakini lilihifadhiwa ndani ya jalada, na jalada likafungwa kwa ajili ya usalama wa jina lenyewe. Wakazi walisema "hapa", waliosafiri walisema "kule", na watu wakaelewana kama watu wanavyoelewana gizani, kwa kugongana mabega na kuombana radhi. Jua lilichomoza pale Wizara ilipofungua madirisha. Siku mtunza funguo wa Wizara alipoumwa tumbo, asubuhi ilichelewa mpaka majogoo wakaanza kutazamana kwa aibu.

Basi asubuhi moja mtaa mzima uliamka umetiwa alama. Kila mlango ulikuwa na mistari miwili myekundu iliyopishana: X. Ilikuwa X ya madaha, X ya mtu anayechovya brashi bila kufikiria bei ya rangi. Chini yake paliandikwa neno moja: MTONDOGOO. Na mwisho wa mtaa, chini ya turubai, palikuwa pameegeshwa tingatinga la rangi ya manjano, na dereva wake alikuwa analifuta vumbi kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemtayarisha bwana harusi.

Siwatu, mkutubi wa maktaba ya umma ya mtaani pale, aliikuta X mlangoni kwake alipotoka kumwaga maji ya kunawia uso. Akasimama na kopo tupu. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mama yake, yenye bati linalozungumza mvua ikinyesha. Ndiyo nyumba pekee duniani ambamo Siwatu angeweza kuifikia swichi ya taa bila kupapasa ukuta. Mtondogoo, yaani siku ya nne kutoka leo, isingekuwapo.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa darasani anaijua X. Mwalimu huketi na kalamu nyekundu na kikombe cha chai, na mahali ulipoandika kwa jasho jibu la maana, yeye hupitisha mistari miwili huku akimwongelesha mwalimu mwenzake habari za mshahara. Kwa hiyo Siwatu hakupata shida kuelewa kwamba nyumba yake imefeli. Shida yake ilikuwa nyingine, na ndiyo iliyombebesha kisa hiki chote mgongoni: swali lilikuwa lipi?

Alipofungua maktaba, Bi Mashavu alikuwa ameshafika. Bi Mashavu alikuwa jirani yake, mkaanga bagia, mwanamke mwenye sauti ya kuweza kumrudisha mtu aliyekwisha kupanda basi.

"Siwatu we! Hebu niambie, mlango wangu umefanywa nini?"

"Umefeli, Bi Mashavu."

"Umefeli! Mlango! Ulisomea wapi?"

"Ndivyo alama inavyosema."

"Mwanangu, ule mlango ni wa mvule. Umemshinda mwizi, umewashinda mchwa, umemshinda marehemu mume wangu alipokuwa akirudi amelewa. Leo unafelishwa na nani?"

Siwatu akavuta sanduku la kadi za vitabu, lile la mbao, lililopangwa kwa herufi. Akapita W. Akafika Y. Kati ya hizo mbili palikuwa na ubao mtupu wa kuzuia kadi zisilale. Hapakuwa na X. Katika lugha yao hapakuwa na neno hata moja lililoanza kwa X. Hata tusi halikuwapo, na lugha ile ilikuwa na matusi ya kutosha kwa kila herufi nyingine. Wizara ilikuwa imewahukumu kwa herufi ambayo haikuwafundisha.

"Hamna," akasema.

"Vitabu vyote hivi, na hamna?"

"Vitabu hivi vina majibu, Bi Mashavu. Sisi tunatafuta swali. Na swali inalo Serikali."

Alipokwisha kulisema akaliona lina uzito kuliko alivyokusudia, akakaa. Mwanadamu anaweza kuishi bila majibu. Wengi wetu tunaishi hivyo na bado tunanenepa. Lakini kuishi ukiwa wewe ndiye jibu, na swali lenyewe hulijui! Kuamka, kuosha vyombo, kulipa bili ya maji, kumbe muda wote huo mahali fulani kuna karatasi inayokuuliza jambo, na kila unachofanya kinaandikwa kuwa jibu lako. Unapiga chafya: jibu. Unaanika shuka: jibu. Unasinzia mchana: jibu, tena baya. Siwatu akaona kwamba mtawala si yule mwenye jeshi wala mwenye king'ora. Mtawala ni yule aliyeshika karatasi ya maswali. Waliobaki wote ni majibu yanayotembea. Na akaona, bila kutaka, kwamba labda hata yeye Siwatu hakuwa mtu bali sentensi moja iliyojibiwa vibaya, akajipapasa mkono kuona kama ana wino.

Hakuwa nao. Ila aliikumbuka Sheria ya Nakala, ambayo kila mkutubi huikariri kabla hajakabidhiwa meza: *Kila karatasi itakayopigwa chapa na Serikali, nakala yake moja italala maktaba.* Kama mwenye nyumba, angekwenda Wizarani kuomba huruma. Kama mkutubi, angekwenda kudai nakala. Huruma hutolewa na mwenye nayo akipenda. Nakala ni deni.

"Unakwenda wapi?" akauliza Bi Mashavu.

"Kuchukua kilicho chetu."

"Chukua na bagia. Huko wana njaa, ndiyo maana wakali."

*

Getini kwa Wizara alikuwapo Afande Pazi, mlinzi, mtu aliyenyooka kama rula na mwenye ucheshi wa rula.

"Jina."

"Siwatu."

"Kama si watu, ni nini?"

"Ni jina, afande."

"Liweke hapa." Akamsukumia kisahani cha plastiki.

Siwatu akalitoa jina lake, akaliweka. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Pazi akalimwaga katika droo pamoja na majina mengine, akampa kadi yenye kamba ya shingoni. Kadi iliandikwa MGENI.

"Mbona mgeni? Nimezaliwa hapo nyuma ya ukuta wenu."

"Umezaliwa nje ya ukuta. Ndani ni mgeni. Na usiikunje kadi."

Ghorofa ya chini iliandikwa LEO. Ilikuwa tupu isipokuwa viti, ndoo ya kudekia na dirisha dogo ambalo nyuma yake sauti ilisema, kabla hajauliza, "Njoo kesho." Siwatu alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Akatafuta ngazi, akapanda, akafika Kesho.

Kesho palikuwa kama leo, ila pamefubaa kidogo, kama nguo iliyofuliwa. Mara akahisi njaa ya kesho, ambayo ni njaa ya kawaida iliyochanganyika na wasiwasi. Akajaribu kukumbuka amelala wapi jana, yaani leo. Hakukumbuka. Akala bagia moja ili apate ushahidi kwamba yupo.

Nyuma ya meza pana alikaa Bwana Lukindo. Kibao chake kilisema: KAIMU NAIBU MKURUGENZI WA UWAZI. Juu ya meza hapakuwa na kitu isipokuwa mkasi.

"Mgeni, keti. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuchukua nakala ya mtihani wa nyumba, mheshimiwa."

"Mtihani upi?"

"Uliofelisha mtaa wetu. Sheria inasema nakala moja italala maktaba."

"Italala!" Lukindo akatabasamu kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. "Umejisikia? Italala. Haikusema itaamka. Haikusema itasomwa. Sasa huku kwetu imelala fofofo, kwa nini tuiamshe kwa safari?"

"Imelala kitanda kisicho chake."

Tabasamu likapungua kidogo. "Wewe ni nani hasa?"

Siwatu akafungua kinywa ajitaje, akakuta mahali pa jina pana upepo. Akatazama kifuani. Mgeni. Je, ni kweli? Pengine alikuwa mgeni siku zote, na ule mtaa, na ile nyumba, na yule mwanamke wa bagia ni mambo aliyoyasoma katika kitabu fulani akasahau kukirudisha.

"Mimi ni mtu wa maktaba," akasema, maana kazi yake hawakuwa wameichukua getini.

"Na swali hilo una haki nalo?"

"Nimeshalijibu, mheshimiwa. Nyumba yangu imelijibu na imekosa. Hata shule iwe katili vipi, mtoto anaonyeshwa swali alilolikosa."

Lukindo akavuta kiti karibu na meza. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi zilizobanwa kwa pini, akashika mkasi.

"Ofisi hii inaamini katika uwazi," akasema, akaanza kukata.

Alikata vizuri. Alikata kama fundi anayetoa tundu za vifungo. Neno moja hapa, mawili pale, vipande vikidondoka kikapuni bila sauti, na kila tundu lilipotokea alilipuliza kuondoa nyuzi za karatasi. Alipofika ukurasa wa mwisho akakata kipande kikubwa kuliko vyote. Hicho hakukitupa. Alikitazama, masikio yakamwiva, akakitia mfukoni.

"Haya. Uliomba uwazi, kila ukurasa una uwazi. Huu wa mwisho una uwazi mwingi kuliko karatasi. Usiseme Serikali haikukupa."

Siwatu akapokea nakala. Ilikuwa nyepesi kama kipande cha chandarua. Akashuka nayo mpaka Leo, akafika getini, na Pazi akatia mkono drooni akampa jina. Lilikuwa Siwatu, hakuna shaka. Lakini lilimbana kidogo mabegani, na njia nzima alijiuliza kama lilikuwa lile lile au la mwanamke mwingine mwembamba.

*

Ndani ya maktaba, mlango umefungwa, karatasi mezani.

Kabati lipo. Ufunguo upo. Nakala imefika; sheria imetimia; italala. Mkutubi mwema ni yule asiyechanikiwa karatasi. Na hii imechanika tayari. Nani atalaumiwa? Mimi. Mimi yupi? Huyu anayebanwa mabegani. Ukiwaonyesha watu tundu, watasema umetuletea tundu. Ukilificha, watasema umeficha. Ukilificha, umekuwa ghorofa ya pili ya Wizara, Siwatu, yenye vumbi zaidi na mshahara mdogo. Kitabu kilichofungwa ni nini? Ni tofali. Na nyumba iliyofeli ni nini? Ni tofali pia. Basi yote mawili…

Hakumaliza. Akachukua muhuri wa maktaba, akaugonga juu ya ukurasa wa kwanza. Nusu ya muhuri ikaangukia karatasini, nusu ikaangukia meza kupitia tundu. Akaipa nakala namba ya rafu kama anavyokipa kitabu chochote. Kisha akatoa meza nje barazani, akasimama juu ya kiti, akaanza kusoma kwa sauti. Mtaa ukaja. Wengine walikuja na vijiko mkononi.

"'Kwa kuwa eneo lililotajwa linakusudiwa kuwa…'" Akanyamaza kwa urefu wa matundu matatu.

"Uwanja wa ndege!" mtu akadakia.

"Bwawa!"

"La mamba!"

"Makaburi," akasema Bi Mashavu, "na mimi nataka kona yenye kivuli."

"'…na kwa kuwa wakaguzi waliiuliza kila nyumba swali lifuatalo, yaani…'"

Hapo ndipo penye tundu kubwa. Siwatu alipoinua ukurasa aliuona mtaa mzima kupitia hapo: nyuso, mbuzi mmoja, mlango wake wenye X. Ikampitia fikra ya ajabu kwamba pengine hakuna neno lililokatwa. Pengine swali lenyewe lilikuwa ni hiki anachokiona.

"Jaza basi!" watu wakampigia kelele. "Wewe msomi! Sema neno lolote!"

"Asijaze mtu," akasema Siwatu. "Mkijaza ninyi, Wizara itasema tulijiuliza wenyewe na tukajifelisha wenyewe."

"Sasa tufanyeje?"

"Nyinyi mko maktaba. Watu wakija maktaba hufanya nini?"

Mwishowe mzee mmoja aliyekuwa akija kila siku kulalia magazeti akasema, kwa unyonge, "Huazima."

"Basi azimeni."

Akabana tundu la kwanza kwa ncha za vidole, akalinyanyua kutoka katika karatasi kama mtu anavyonyanyua utando juu ya maziwa yaliyopoa, akamkabidhi mtu wa mbele. Kisha la pili. Kisha la tatu. Kila mmoja alipokea lake kwa mikono miwili bila kujua alishike upande gani. Siwatu aliwatajia siku ya kurudisha.

"Atakayerudisha tundu likiwa tupu, faini."

"Faini ya tundu?"

"Faini ya kutouliza."

"Nipe hilo kubwa," akasema Bi Mashavu. "Wengine hapa litawapwaya kama kanzu ya kuazima." Akalipokea, akalikunja, akalitia kwapani. "Haya nikifika niseme nini? Mimi Kiswahili cha ofisini kinanipa kiungulia."

"Sema: hili ni tundu la maktaba ya umma, mimi ni umma, naomba neno lake."

"Mimi? Mimi mmoja, ndiye umma?"

"Ndivyo umma unavyokuja, Bi Mashavu. Mmoja mmoja. Haujawahi kuonekana ukija kwa jumla."

*

Afande Pazi aliona mstari unatokea kona ya barabara na hauishi. Akagawa kadi. Akagawa tena. Akachungulia ndani ya boksi, akaligeuza, akalipiga makofi matakoni. Hapakudondoka kitu.

"Kadi za Mgeni zimekwisha," akatangaza. "Rudini."

"Sisi tuna matundu ya watu," akasema Bi Mashavu. "Yana tarehe. Tutapita bila kadi."

"Huwezi kupita bila kadi. Mgeni asiye na kadi si mgeni."

"Sawa. Si mgeni. Kinyume cha mgeni ni nini, afande?"

Pazi akaligeuza boksi tena. Alikuwa na uso wa mwanafunzi anayelijua jibu lakini anaogopa darasa.

"Si unajua? Sema, baba. Hatukuchapi."

"Mwenyeji," akasema Pazi, polepole.

"Ahsante. Tuandike hivyo."

Na kwa kuwa droo ya majina ilikuwa ya wageni peke yao, wakapita na majina yao wenyewe. Hata wale wa mwanzo wakamrudishia kadi, wakadai majina yao, wakaungana na wenzao. Siwatu alipopita akasikia jina lake limelegea mabegani, kama linataka kumkaa.

Leo wakaambiwa njoo kesho. Wakapanda. Kesho wakaambiwa njoo kesho kutwa, nao, bila ugomvi, wakapanda. Katika kila ghorofa watu walitoa matundu yao, wakayalaza juu ya meza za maofisa, wakasema maneno yale yale: hili ni tundu la maktaba ya umma, mimi ni umma, naomba neno lake. Mwanzoni maofisa walicheka. Kisha wakapiga simu kwa maofisa wengine, ambao nao walikuwa wamezungukwa. Mwisho wakagundua kwamba kumpa mtu neno moja ni kazi nyepesi kuliko kumtafutia kiti. Mmoja akatoa "maegesho". Mwingine akatoa "ya". Ofisa mmoja wa kesho kutwa, aliyekuwa anataka kwenda kula, akatoa "matingatinga" na hakuangalia nyuma.

Siwatu akarudishia maneno mahali pake, akasoma kwa sauti palepale kwenye ngazi:

"'Kwa kuwa eneo lililotajwa linakusudiwa kuwa maegesho ya matingatinga.'"

Watu wakaliangalia hilo.

"Yaani wanatubomolea," akauliza mzee wa magazeti, "ili wapate pa kuweka kinachotubomoa?"

"Ni mpango unaojitosheleza," akasema Bi Mashavu. "Tupande."

Wakafika Mtondo, ghorofa iliyo juu ya kesho kutwa, ambako hewa ilikuwa nyembamba na hakuna aliyekumbuka amekula nini. Mtu mmoja alianza kulia akidhani amezeeka. Mwingine alimsalimia Siwatu kwa jina la mama yake, na Siwatu akaitikia, na hakuona kosa. Kisha ngazi zikaisha, wakasukuma mlango, wakaingia Mtondogoo.

Kilikuwa chumba kimoja. Katikati palikuwa na meza na juu yake ramani ya mji, safi, iliyokunjuliwa bila kovu, na pembeni yake mkasi ule ule na kibao kile kile. Nyuma ya meza alisimama Lukindo, mwenye ndevu ambazo kule Kesho hakuwa nazo. Dirishani ulionekana mtaa wao, kwa sababu siku ilikuwa imefika: turubai limevuliwa, tingatinga linanguruma mbele ya nyumba ya Siwatu, bapa lake la chuma limeinuliwa, na dereva ametoa kichwa nje akilitazama dirisha la Wizara kungoja aambiwe.

Bi Mashavu akatoa tundu kwapani, akalikunjua, akalilaza juu ya ramani.

"Hili ni tundu la maktaba ya umma. Mimi ni umma. Lijaze, mwanangu, nimeacha mafuta jikoni."

Lukindo akatazama tundu. Akatazama mlango, ulikuwa umejaa watu mpaka ngazi ya pili.

"Si siri ya kutisha," akasema. "Ni aibu tu." Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjamana, akakiweka mahali pake. Kikaingia barabara. Kilikuwa na neno moja.

Siwatu akasoma. "'Hodi'."

"Hodi?" akasema Bi Mashavu.

"Ndilo swali," akasema Lukindo. "Wakaguzi walitakiwa wapige hodi kila nyumba. Nyumba isiyojibu ihesabiwe haina mtu."

"Hodi gani? Mimi nashinda kizingitini nakaanga bagia, hata inzi akipita namjua kwa ukoo wake. Hapakuja mtu."

"Haikupigwa huko." Lukindo akakunja kidole, akagonga ramani. Ko, ko, ko. "Ilipigwa hapa."

Mtu wa nyuma akaomba aelezwe, akaelezwa, akaomba tena.

"Mlipiga hodi kwenye ramani," akasema Siwatu.

"Ni ramani sahihi. Nyumba zote zimo."

"Na zikawajibu nini?"

"Hazikujibu. Na hatukuharakisha! Tulipiga mara tatu, kama desturi inavyotaka."

"Desturi inataka, mheshimiwa, kwamba ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unakwenda zako. Huivunji nyumba."

"Hiyo sehemu ya pili," akasema Lukindo kwa unyofu, "haikuwamo katika jalada."

Siwatu akalichukua lile tundu na hodi yake, akalirudisha katika ukurasa wake. Akaweka nakala mezani, ikiwa imejaa sasa, bila tundu hata moja.

"Swali tumeliona," akasema. "Liulize tena. Wenye nyumba tupo."

Lukindo akatazama dirisha, akatazama watu. Akatafuta kwa kidole kile kijumba cha vyumba viwili, ambacho katika ramani hakikuzidi punje ya mchele. Akagonga. Ko, ko, ko.

"Hodi?"

Watu wote wakamgeukia Siwatu. Kila mtoto analijua jibu lake, hulijua kabla hajaota meno. Siwatu alikuwa nalo ulimini, tayari: karibu. Ndipo akaliona lilivyo. Akisema karibu, mlango umefunguliwa, na anayeingia ni chuma. Akinyamaza, hayupo, na anayeingia ni chuma. Lilikuwa swali lenye majibu mawili, na yote mawili yalikuwa X. Akajiona mdogo, amesimama ndani ya punje ya mchele, nje kuna kidole kikubwa cha mtu mzima, na yeye hajui ni Siwatu au mama yake au yule aliyemwachia mama yake. Wote walikuwa wamesimama nyuma ya mlango ule ule, wamezuia pumzi.

"Jibu, mwanangu," Bi Mashavu akamnong'oneza. "Unangoja nini?"

"Hodi?" Lukindo akagonga mara ya pili.

Ndipo mkutubi akasema kile ambacho mwanamke husema akiwa peke yake nyumbani na sauti ya mlangoni haitambui.

"Nani?"

Kidole cha Lukindo kikabaki hewani. Hakuwahi kuulizwa. Kwa miaka yote ya utumishi wake alikuwa ameuliza yeye, jina, namba, mgeni wa nani, una haki nalo? Akatazama mkasi. Akatazama kibao chake cha Kaimu, ambacho hakikusema alikaimu nafasi ya nani.

"Mimi," akajaribu.

"Mimi nani?" wakauliza watu wote kwa pamoja, mpaka wa ngazini, mpaka wa Mtondo, mpaka waliobaki Leo ambao hawakujua wanauliza nini.

Na kule chini mtaani dereva, bapa lake likiwa bado juu ya bati la Siwatu, akazima injini ili asikie jibu.